Anza chini ya gari

Hotuba hii, juu ya kuliandaa gari kwa njia zetu mbaya, niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya madereva na mafundi wa garaji hapa Goma, katika ukumbi wa parokia. Wengi walikuwa njiani na mizigo, wakanipigia simu wakiiomba. Naiweka nzima kama nilivyoisema.

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa garaji, jambo kwenu.

Nikija hapa nimepita kwenye mzunguko wa Chukudu, nikaiona ile sanamu ya bwana wa rangi ya dhahabu na chukudu yake, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo. Kila siku tunampita, hatumtazami tena. Leo nimemtazama. Nikajiuliza: mtu wa kwanza aliyetengeneza chukudu, nani alimpa pesa? Nani alimpa vipuri? Alikata mkaratusi, akachonga magurudumu ya mti, akaona yanalika na mawe ya volkano, akatafuta tairi kuukuu la gari akayavisha. Mzigo ukamshinda kwenye mteremko, akabuni breki ya mguu. Hakuanza na rangi. Hakuanza na kengele. Alianza pale mti unapogusa jiwe.

Sasa nawauliza: sisi wenye magari tunaanzia wapi?

Naona mnacheka. Mnajijua! Kijana ananunua Land Cruiser ya mtumba, injini inavuja, na wiki ya kwanza analeta garajini taa nane za kuweka juu ya paa, stika ya simba, na chuma cha mbele kizito kama lango la gereza. Ponti ya nyuma, yaani ekseli na gia zake, hajaifungua kuona mafuta yake. Breki hajazitazama. Ukimwuliza tairi lina upepo kiasi gani, analipiga teke: "Liko sawa, fundi."

Mimi si injinia. Nimeendesha njia ya Sake na Masisi miaka 19, nikibeba maharagwe, viazi, jibini na watu, mpaka mgongo ukakataa, ndipo nikaingia garajini. Nitakayosema leo mengi nimeyalipia mwenyewe. Mengine waliyalipia wateja wangu, na hayo ndiyo yananiuma zaidi.

Tuanze na ya bure kabisa.

Nilikuwa na pikapu yangu ya kwanza, Land Cruiser yenye ile injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, isiyo na tabo ya kusukumia hewa. Mnaijua, ukiipa mazuti safi, yaani dizeli, na maji ya rejeta haina maneno. Nilipanda kutoka Sake, nikapita Mushaki, mvua ikanikuta. Udongo wa huko ukilowa unateleza kama sabuni. Gari likazama kwa nyuma. Nikavuta gia ndogo ya pembeni ili magurudumu manne yashike. Ya nyuma yanazunguka, yanarusha tope mpaka kwenye kioo. Ya mbele yametulia, kama wageni walioketi barazani huku wenyeji wanalima. Nikakanyaga zaidi. Likazama zaidi. Usiku ukaingia, tukalala humo na konvoyeri wangu, msaidizi wa gari, tumekumbatiana na magunia.

Alfajiri ikafika lori. Shofea wake mzee mmoja, ana buti za mpira na sigara sikioni. Hakuniuliza kitu. Akainama kwenye gurudumu la mbele, akafuta tope kwa kiganja, akashika kile kifuniko cha katikati, akakizungusha kwa vidole viwili. Kak. Akaenda upande wa pili. Kak. Akasema: "Mwanangu, tangu jana unaendesha gari la miguu miwili."

Niliwasha injini, nikaingiza gia ya kwanza, gari likatoka polepole kama ng'ombe anayeinuka.

Vifuniko vile vimeandikwa FREE na LOCK. Vikiwa kwenye FREE, unaweza kuvuta gia ya pembeni mpaka mkono uchoke. Magurudumu ya mbele hayajafungwa na mhimili wake, hayapati nguvu. Nilikuwa nimelipa gari la magurudumu manne kwa bei ya magurudumu manne, na miezi mitano natumia mawili. Nani hapa gari lake lina vifuniko hivyo? Inua mkono. Nani amevizungusha mwezi huu? Ehee. Mikono imeshuka.

Msimu wa mvua viache kwenye LOCK, havidhuru kitu. Gia ya pembeni tu ndiyo usiivute kwenye lami kavu, maana kwenye magari haya mbele na nyuma vinabanwa pamoja, na ukikata kona kitu lazima kiteleze. Lami haikubali, basi gia ndizo zinaumia. Na wakati wa kiangazi pia, kila baada ya wiki kadhaa, vifunge, tembea kilomita chache, grisi na mafuta ya ponti ya mbele yapate kusambaa. Kwenye magari ya mtumba mengi vimeshikana kwa kutu. Kuvifungua, kuvisafisha, kuvipaka grisi ni kazi ya asubuhi moja. Hilo ndilo badiliko la kwanza la gari lako, na hakuna atakayelipiga picha.

La pili ni upepo wa matairi.

Ukipunguza upepo, tairi linajilaza, alama yake chini inarefuka, na uzito uleule unagawanyika kwenye udongo mwingi zaidi. Gari likiwa halina mzigo mzito, mimi kwenye tope lisilo na mwisho na kwenye mchanga wa majivu nashuka mpaka bari 1.5. Chini ya bari 1 sigusi, kwa sababu tairi linaweza kuvuka mdomo wa rimu ukabaki na chuma. Ukirudi kwenye lami unajaza tena, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbia linapata moto ndani, linapasuka.

Lakini sikilizeni, hapa ndipo wanaosoma mambo ya jangwani wanapopotea. Sisi hatuna jangwa. Sisi tuna matope ya aina mbili, na tuna jiwe. Kuna tope jembamba juu, chini yake kuna ardhi ngumu: hapo tairi jembamba lenye upepo wa kutosha linakata kama kisu, linafika chini, linashika. Ndiyo maana wazee walipenda ile 7.50 ya inchi 16, nyembamba, ndefu. Kuna tope ambalo fimbo inazama yote hujagusa chini: hapo ndipo unashusha upepo na kuomba tairi pana. Usipojua uko kwenye tope gani, shuka. Chukua fimbo. Buti zako zinaoshwa, ponti haioshwi.

Na jiwe letu? Jiwe la volkano halina huruma. Mmetembea juu ya lava ya 2002 ilipopoa, mmetembea juu ya ile ya Mei 2021. Viatu vilidumu siku ngapi? Tairi lina uso na lina mbavu. Uso ni mnene, mbavu ni nyembamba. Ukishusha upepo sana, mbavu zinatoka nje na kujipeleka zenyewe kwenye makali. Kwa hiyo kwenye lava shusha kidogo tu, mwendo wa kutambaa, na mtu atembee mbele akikuonyesha gurudumu lipite juu ya jiwe, si kando yake. Ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kweli. Nimeona ulioshonwa kwa waya wa taa, nikamsifu fundi, nikakataa kupanda.

Ukinunua tairi la mtumba, tafuta ubavuni zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Zikisoma 3411, limetengenezwa wiki ya 34 ya 2011. Meno yake yanaweza kuwa marefu kama ya mamba. Mpira wake umezeeka. Lipinde, ukiona nyufa nyembamba kati ya meno, mrudishie mwenyewe.

Kuna mmoja atasema: mimi nitaweka tairi kubwa, gari lipande juu. Sawa. Tupige hesabu pamoja. Umetoka tairi la saizi 265/70 ya inchi 16 ukaenda 265/75, lenye ubavu mrefu zaidi. Kipenyo kimeongezeka kama milimita 27. Gari limepanda kiasi gani? Nusu yake, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Milimita 13. Upana wa kidole! Na ukiruka zaidi, tairi likakua kwa asilimia 10, ubao unakuambia 60 nawe uko 66, na kila gia imekuwa nzito kwa asilimia hizohizo. Mkumbuke tuko wapi. Goma iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya saba kuliko ya Mombasa. Injini ya dizeli isiyo na tabo inavuta hewa hiyo pungufu, inatoa nguvu pungufu, na moshi mweusi juu yake. Sasa umeibebesha viatu vya jitu kwenye mlima wa Mushaki. Klachi ndiyo italipa. Harufu ile mnaijua.

Tunywe maji kidogo.

Nataka kuzungumza juu ya pumzi. Gari linapumua, ndugu zangu, na si injini peke yake.

Ponti ya nyuma ina tundu dogo juu lenye kikofia cha chuma, ukubwa wa kidole gumba. Wengi wenu hamjawahi kukiona, kimefunikwa na tope. Kazi yake ni kutoa hewa ponti inapopata moto. Sasa fikirieni: umepanda mlima na mzigo, ponti ina moto huwezi kuigusa. Mbele kuna kijito, maji yametoka mlimani, baridi. Unaingia. Chuma kinapoa kwa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na ponti inavuta. Inavuta nini? Kilicho karibu. Inavuta maji kupitia kile kikofia, na kama kikofia kimeziba, inayavuta kupitia sili za ekseli.

Mimi nilivuka vijito hivyo msimu mzima nikijisifu kwamba gari langu halizimi. Siku moja nikasikia sauti kama mtu anatafuna mahindi makavu. Nikafungua bolti ya chini ya ponti. Yakatoka mafuta rangi ya chai ya maziwa. Chai ya maziwa kabisa, na chembe za chuma zinang'aa ndani yake. Gia za ponti zikanigharimu mzigo wa miezi miwili, na za mtumba.

Dawa yake? Mpira wa mafuta, ule wa kupitisha mazuti unaostahimili joto, mita tano au sita kwa pande zote mbili. Unatoa kikofia, unaweka kinipeli cha shaba, unachomeka mpira, unaufunga kando ya chasi bila kuukunja, unaupandisha mpaka nyuma ya taa au ndani ya boneti. Mwisho wake unavisha kichujio kidogo cha esansi (petroli) cha pikipiki, kile cha plastiki, vumbi lisiingie. Ponti ya mbele, ponti ya nyuma, giaboksi na ile ndogo ya pembeni. Kuilipia kazi hii huuzi mbuzi, kuku anatosha. Nani amewahi kuniletea gari akisema: fundi, niwekee matundu ya kupumulia? Hakuna. Katika miaka yote, hakuna hata mmoja. Lakini bomba la hewa la pembeni ya kioo, lile kama mkonga wa tembo, kila wiki naulizwa.

Haya, tuseme juu ya mkonga huo. Ni kitu kizuri, na si kwa maji tu: juu vumbi ni kidogo kuliko chini, kichujio kinadumu. Lakini wengi wanautengeneza kwa bomba la plastiki la maji ya nyumba, wanaunganisha kwa gundi na kitambaa, wanapaka rangi nyeusi, umekwisha. Ndani ya boneti pana joto. Plastiki inalegea, viungo vinaachia, na sasa una mapambo. Hatari yake ni kwamba umejiaminisha. Unaingia mtoni ukidhani injini inavuta hewa juu ya paa, kumbe inavuta chini kwenye kiungo kilicholegea.

Maji hayashindiliki. Pistoni ikipanda ikakuta maji badala ya hewa, kitakachopinda ni mkono wa pistoni.

Jaribio lake halina gharama. Washa injini, iache polepole, panda, ziba mdomo wa juu kwa kiganja au kwa ubao. Injini inatakiwa kukaba na kuzima. Ikiendelea kuunguruma, ujue inapumua mahali pengine. Tafuta hapo mahali kabla mto haujakutafutia. Na kama umeshazimikia majini, mkono usiguse ufunguo! Vuta gari nje kwanza. Toa nozeli au zile plagi za joto, zungusha injini, maji yatoke kama chemchemi. Halafu badilisha mafuta. Nimemaliza na maji.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Kijana mmoja alikuja na Hilux ya kubebea viazi. Alitaka ipande juu. Springi za bapa za nyuma zilikuwa zimelala, kweli. Nikamwambia nitakuongezea vyuma. Nilikuwa na springi za lori zilizokatwa, nikachagua vyuma viwili vilivyolingana na mkunjo, nikatoboa katikati, nikafunga. Gari likapanda sentimita sita. Likasimama kama jogoo. Kijana akafurahi, akanilipa, akaniongeza na kuku.

Mimi nilitazama nini? Nilitazama urefu. Sikutazama kimkono kidogo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye kifaa kilichofungwa kwenye chasi. Kifaa kile kinagawa nguvu ya breki. Gari likibeba mzigo, chasi inashuka, kimkono kinasukumwa, kifaa kinasema: kuna uzito nyuma, ongeza breki ya nyuma. Gari likiwa tupu chasi iko juu, kifaa kinapunguza breki ya nyuma ili magurudumu yasifunge. Mmeshaelewa nilichofanya? Nilipandisha chasi kwa vyuma. Kifaa hakijui habari za vyuma vyangu. Kikaona chasi iko juu, kikaamini kwamba gari ni tupu. Magunia 20 ya viazi nyuma, na gari linaamini ni tupu.

Kushuka kuja Sake, breki zote zikawa za mbele. Zikapata moto. Kanyagio likaanza kushuka. Kijana, Mungu amjalie, hakubabaika. Alirudisha gia ya pili, akalisugua gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Mlango umekwisha, viazi vimetangulia Sake peke yake. Watu walishuka wazima.

Alirudi kwangu kwa miguu. Hakunipiga kelele. Alisema: "Fundi, njoo uone." Ningependa angenipiga.

Tangu siku ile springi sizigusi kabla sijalala chini ya gari na tochi. Natazama kimkono cha breki: ukipandisha gari sentimita tano, kishikio chake kwenye ekseli nacho kipande kwa kiasi hichohicho. Natazama mipira ya breki: gari likining'inia, ekseli ikashuka mpaka mwisho, mpira umebaki na ulegevu, au umenyooka kama kamba ya gitaa? Natazama shafti, maana pembe ikizidi itatetemeka na kula misalaba ya viungo vyake. Natazama amortisa, wenzetu wa Tanzania wanaziita shokapu: kama ni fupi, zitakuwa ndizo zinazoizuia ekseli isishuke, na hiyo si kazi yake.

Chuma cha springi hakichomelewi. Hakichomelewi! Kimepikwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo, ukikigusa kwa welding pale ulipogusa kinakuwa kama biskuti. Zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli uzikaze upya baada ya kilomita 100; vyuma vipya vinakaa, nati zinabaki zimelegea bila wewe kujua. Na kipande cha kunyanyulia chini ya springi za mbele, sitaki hata kukiona, kwa sababu mbele ndiko kunakofungwa breki na usukani.

Halafu mniambie, tulipandisha gari kwa nini? Ili tumbo lisiguse jiwe? Chini kabisa ya gari kuna nini? Ponti. Springi haziinui ponti hata milimita moja. Ponti imekaa kwenye magurudumu. Unaweza kuweka springi ukafika kwenye mawingu, jiwe lililokuwa linagonga ponti jana litaigonga na leo.

Kwa hiyo mimi nikiwa na pesa ya kuchagua, badala ya sentimita sita ninalivika tumbo. Bamba la chuma la milimita 4 chini ya injini, lilinde sampu, lile bakuli la mafuta ya injini. Si bati la pipa. Pipa la lita 200 lina chuma cha kama milimita 1, jiwe letu linalifungua kama kopo la nyanya. Bamba la milimita 4 lina kama kilo 31 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo usifunike gari zima, funika kinachovuja mafuta. Lifunge kwa bolti, liweze kutoka. Toboa tundu la kumwagia mafuta, toboa na mengine tope litoke, la sivyo utabeba shamba la mtu mpaka nyumbani. Na kabla ya kuwasha welding popote kwenye gari, toa waya wa betri. Alternata nyingi zimekufa kwa uvivu wa spana namba 10.

Taa nitazipitia haraka, maana mmeshaninunia. Taa mbili za wati 100 kwenye betri ya volti 12 zinavuta karibu ampea 17. Ule waya mwembamba wa spika ya redio unaoupitisha kwenye swichi ya dashibodi hauwezi. Weka rilei, swichi ya kubeba umeme huo mwingi, weka fyuzi karibu na betri, si karibu na taa. Na ukiingia mtaa wa Ndosho usiku, zizime. Kuna mtu anasukuma chukudu mbele yako na umempofusha.

Limebaki moja, na hili naomba mnisikilize vizuri.

Winchi ya umeme ni ghali. Mimi ninayo tifori, winchi ya kuvuta kwa mkono, kuukuu, nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga karakana, na sijawahi kuijutia. Nina kamba, nina sepeto, nina panga, nina mbao mbili za mkaratusi nilizozipigilia vipande vya tairi kama gurudumu la chukudu, zinawekwa mbele ya gurudumu gari lipande. Na nina ujanja mmoja usiogharimu kitu: gurudumu moja la nyuma likizunguka hewani na la pili limekaa tu, vuta breki ya mkono kidogo, nusu. Lile linalozunguka ovyo linapata uzito, na nguvu inahamia kwa mwenzake. Ujanja huu unafaa pale ambapo breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma. Land Rover za zamani zinashika shafti, huko usihangaike.

Lakini kamba. Tulikuwa njia ya Rutshuru, lori limeingia mtaroni, pikapu imekuja kulivuta. Waliifunga kebo kwenye bampa ya mbele. Si kwenye chasi, kwenye bampa, kwa sababu ilikuwa inafikika bila kuchafua magoti. Mimi nilikuwa pembeni, mtazamaji kama wengine, na konvoyeri wangu alikuwa amekaa juu ya jiwe katikati anakula muwa. Nikamwita anipe kisu. Aliinuka, akapiga hatua kama nne. Kebo ikakaza, ikalia, bampa ikang'oka. Ilipita pale juu ya jiwe kwa urefu wa kifua cha mtu aliyekaa. Muwa alikuwa ameuacha palepale juu ya jiwe. Hatukuuona tena.

Mpaka leo akiniona ananiita mzee wa kisu.

Kamba inafungwa kwenye chasi, kwenye ndoano iliyofungwa kwa bolti za kweli. Katikati ya kamba unatupa gunia lenye udongo au koti zito, ili ikikatika ianguke chini badala ya kuruka. Na watu, watoto hasa, na huku kwetu watoto hawakosekani, wanasimama mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Ukiona hawataki kuondoka, usivute. Kaa chini, subiri wachoke.

Kijana pale nyuma amenyoosha mkono tangu muda mrefu. Anauliza, mwenye dola 100 tu aanze na nini? Kabla ya taa, kabla ya bampa: kipimo cha upepo na pampu ya mguu, grisi, mpira wa kupumulia, rilei na fyuzi, gunia. Chenji itabaki, mnunulie konvoyeri wako chakula.

Nimeleta pikapu yangu, iko uani chini ya mwembe. Nimeleta na mpira mita sita, vinipeli vinne, vichujio vya pikipiki. Mzee mmoja hapa mbele amekubali gari lake liwe la kwanza, tayari ameshatandika gunia chini yake. Twendeni nje kabla mvua haijashuka. Nani ana spana namba 14? Yangu imebaki kwenye boneti ya mtu.